Mitamba ya Bwana Harusi

Msinieleze habari za nuksi. Nimepasua matumbo ya wanyama mpaka mikono imezoea kufanya kazi bila kuniuliza, na nuksi sijaikuta humo ndani hata siku moja. Minyoo nimekuta, majipu ya ini nimekuta. Misumari, mifuko ya plastiki, na mara moja soksi nzima ya mtoto kwenye tumbo la ng'ombe, ikiwa bado na mistari yake. Nuksi bado. Kazi yangu ni mkaguzi wa nyama. Nikiridhika napiga muhuri wa wino wa zambarau, nisiporidhika nyama inakwenda shimoni na mwenyewe ananitukana mpaka getini. Wachinjaji wananiita Mama Muhuri. Hilo ndilo la mbele yangu, nikigeuza mgongo wana jingine.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kondoo. Wametundikwa kwenye kulabu mstari mzima, vichwa vimepangwa sakafuni kando ya ukuta, mpira unamwaga maji kwenye mfereji na kila mtu anapayuka kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa majike nina utaratibu: lazima nifungue mfuko wa uzazi nihakikishe hakuna mimba, maana mwenye mimba haruhusiwi kuchinjwa, na watu ni waongo. Nikafungua wa kwanza. Mfuko ulikuwa mdogo, kama wa mwanakondoo wa juzi, na mnyama mwenyewe mzima, kanona, meno yamekomaa. Nikatafuta ovari. Kwa kondoo aliyekomaa huna haja ya kuzitafuta, zinakuja zenyewe vidoleni, zina vinundu, kila moja yafika ukubwa wa harage. Hapa sikushika kitu. Palikuwa na uzi tu. Uzi mweupe, mwembamba, umelala palepale ovari ilipotakiwa kuwa. Upande wa pili, uzi.

Nikaenda kwa aliyefuata, na aliyemfuata huyo. Wote hivyohivyo. Wa mwisho kabisa ndiye aliyekuwa na ovari za kawaida.

"Nani kaleta hawa?" nikamuuliza mchinjaji.

"Dalali."

"Dalali kawatoa wapi?"

"Aa, Mama Muhuri, mimi nachinja. Sijawauliza kwao."

Nikainama kwenye vichwa. Ukimwacha yule wa mwisho, kila mmoja sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo la pembe tatu, na chini ya pengo tundu dogo. Alama ile aliibuni baba yangu mzazi kwa mkono wake. Hawa walikuwa kondoo wa nyumbani kwetu.

Sasa nieleze nyumbani kwetu, msije mkapotea. Mimi niliachika zamani, aliyekuwa mume wangu alisema nina mdomo, na hilo sikatai. Nikarudi kwa mama na sanduku langu, nikapewa chumba cha uani. Nyumba iko pembeni mwa mji, mbele barabara ya vumbi, nyuma mazizi. Baba alishafariki. Ndani yupo mama, yupo mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye mwenye mifugo, na yupo mke wake, wifi yangu. Wifi ni fundi cherehani. Mashine yake iko sebuleni dirishani, na siku yangu ya kwanza kumpenda ni siku aliyonishonea mfuko wa pili kwenye koti langu la kazi bila kuombwa, kwa sababu aliniona nashika kisu na kinoleo mkono mmoja.

Baba alituachia amri mbili za zizi. Ya kwanza, damu ya nje haikanyagi humu, dume wala jike. Ya pili, jike aliyezaliwa peke yake hafugwi, anauzwa. Tunafuga pacha wa pacha, ndivyo alivyosema, na mdogo wangu alizishika amri zile kama askari. Ndipo alipopatikana yule dume. Alizaliwa mmoja wa watatu, mama yake hakuwahi kuzaa chini ya wawili. Tukamwita Bwana Harusi, maana siku aliyoingizwa kwa majike mara ya kwanza aliingia kichwa juu, anatembea polepole, hamtazami mtu. Na wallahi alituheshimisha. Kila binti yake alizaa mapacha, wengine watatu watatu. Watu walitoka mbali kuja kuegemea uzio wetu. Mdogo wangu akawa anatembea mjini kifua mbele, utadhani mimba zile kabeba yeye.

Mabinti wale walipofika umri wa kupandwa, wakapelekwa kwa nani? Kwa Bwana Harusi huyohuyo. Nani mwingine, na dume wa nje haruhusiwi? Wakazaa mapacha, shangwe. Lakini majike waliotoka humo, wajukuu hao, ndipo mambo yalipoharibika. Baadhi walizaa kama mama zao. Wenzao walipandwa, wakapandwa tena, msimu ukaisha, na tumbo jepesi. Wakabaki mitamba, yaani majike wasiojua kuzaa, wanakula tu na kunenepa.

Na msimu huohuo ndipo wifi alipoolewa kwetu.

Mama yangu ni mtu wa kuunganisha. Mitamba haizai, mkwe hazai, na mkwe ndiye anayewamwagia pumba asubuhi kwa sababu hakuna mwingine mwenye nafasi. Basi, kesi imekwisha. "Tangu aingie huyu," alianza kusema, kwanza jikoni, kisha uani, kisha kwa majirani. "Mkono wake mzito. Ana nuksi." Wifi alikuwa anacheka. Alimwambia mama mbele yangu, "Mama, ningekuwa na uwezo huo ningeanza na panya wa humu jikoni." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama hakucheka. Msimu wa tatu ulipoingia alitoa kauli: mitamba wasiposhika mimba safari hii, mwanamke huyu anarudi kwao. Na mdogo wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alisema nini? "Mama ameshasema." Akanyanyua ndoo akaenda zake.

Kwa hiyo nilipoviona vile vichwa nilijua mara moja alichofanya mdogo wangu. Alikuwa anawaondoa kimyakimya, kwa dalali, majirani wasijue kwamba zizi la mapacha limejaa tasa. Na nikajua jingine. Kama ndani mwao mna uzi badala ya ovari, basi walizaliwa hivyo. Pumba za wifi ziliwakuta hivyo.

Nikazitia zile nyuzi kwenye bakuli lenye mfuniko, na barafu, nikavua aproni, nikaenda kwa daktari wa mifugo.

Ofisi yake ni chumba kimoja chenye friji inayonguruma na sinki ambalo halikauki, maana huosha mikono kila anapotaka kufikiri. Ni mtu mzuri, anajua kazi yake, lakini hana breki mdomoni. Alifunua bakuli, akageuza uzi mmoja kwa kifuniko cha kalamu.

"Baba yao nani?"

"Dume mmoja. Wote wake."

"Na mama zao?"

"Mabinti zake."

"Alaa," akasema, akaenda kuosha mikono.

Alinieleza huku anajifuta, taratibu, na alipoona nimekunja uso alirudia. Kuna jeni moja, akasema, ambayo kazi yake ni kupima mayai mangapi yaive kwa mara moja. Jike anayo mara mbili: moja kampa baba, nyingine kampa mama. Dume anayo moja tu, ya mama yake. Sasa kwenye ukoo wa kondoo wenu, huko nyuma, jeni hiyo ilibadilika kwa bahati mbaya. Mabadiliko madogo tu, kama fundi aliyekosea mshono mmoja. Jike akiwa na moja iliyoharibika na moja nzima, kipimo kinalegea, yanaiva mayai mawili, matatu. Mapacha hao. Akiwa nazo mbili zilizoharibika, kipimo hakipo kabisa na hakuna yai linalokua. Ovari zinabaki uzi.

"Na dume?"

"Dume ana ovari za kuharibika? Haumwi, hakondi, anapanda kama kawaida. Yeye kazi yake kugawa. Kila binti anampa ile mbovu, hana nyingine ya kumpa. Binti mwenyewe hana neno, anazaa mapacha. Lakini mkimrudisha binti kwa babaye, kila jike anayezaliwa mnarusha sarafu. Upande huu mapacha, upande huu tasa."

"Kwa hiyo hakuna mkono wa mtu hapa."

"Mkono wa mtu upo. Uliofunga geti dume wa nje asiingie."

Nilitaka kumbusu. Alisema lazima achukue damu ya Bwana Harusi na ya mitamba waliobaki, ipelekwe maabara, ndipo aseme kwa hakika. Nikamwambia chukua hata ndoo nzima. Nikamwomba kitu kimoja: majibu yakitoka, aje kuyasema mwenyewe nyumbani, maana mama haniamini hata nikimwambia mvua inanyesha.

Wifi sikuweza kumngojesha. Nilimkuta anashona sare za shule, nikavuta kigoda nikamweleza yote, uzi, jeni, sarafu, kila kitu. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Wala hukuwahi kuwa wewe."

Akachukua sketi ya mtoto wa watu aliyokuwa anaikunja pindo akajifunika nayo uso. Alilia vizuri, kilio cha kutua mzigo. Kisha akaifuta ile sketi, akanitazama. "Wifi, mimi nilishaanza kujiogopa. Nikimwaga pumba nilikuwa naitazama hii mikono." Mimi nilikuwa nadhani anacheka kwa sababu hayajamwingia. Kumbe yalikuwa yanaingia kidogo kidogo kila siku, na alikuwa anacheka hivyohivyo.

Majibu yalitoka kabla msimu haujaisha. Daktari alikuja mwenyewe, akakataa chai, akataka kusimama zizini ili aonyeshe kwa kidole. Tukajipanga kwenye uzio: mama na kanga yake kifuani, mdogo wangu, mimi na mabuti yangu ya kazi. Wifi alisimama nyuma kidogo, kwenye mlango wa jikoni, mikono ina povu la sabuni. Bwana Harusi alikuwa kivulini anacheua, hana hili wala lile.

Daktari akaeleza. Safari hii alieleza vizuri zaidi, maana alishafanya mazoezi kwangu.

"Una maana Bwana Harusi ndiye mwenye kasoro?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiye."

"Mbona mapacha wote wametoka kwake?"

"Mapacha na utasa vimetoka mahali pamoja, bwana. Ni jeni moja. Mara moja ni neema, mara mbili ni msiba."

Mdogo wangu alimtazama yule dume kwa muda mrefu. Mama akageuka. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo na nilimwona: aligeuka, akamwendea wifi pale mlangoni, akasema, "Basi, mama, nilikukosea. Nilisema maneno mengi." Wifi akainamisha kichwa. "Yamekwisha, mama." Nilifikiri tumeshinda, na laiti siku ile ingeishia pale.

Mdogo wangu akauliza, "Na hawa mitamba hawana dawa?"

"Hawana. Aliyezaliwa na uzi atakufa na uzi. Msipoteze majani, pelekeni machinjioni."

"Hata kama kwa nje yuko sawa? Mzima, mzuri?"

"Kwa nje humjui. Tena wengine ndio wazuri kuliko wote, kwa sababu hawajawahi kubeba." Alisema hivyo huku anavua glavu, hamtazami mtu. Lakini mimi niliona. Niliona macho ya mdogo wangu yakitoka kwa mtamba aliye mbele yake, yakapita juu ya uzio, yakaenda mpaka mlango wa jikoni.

Mama akauliza polepole, "Na binadamu, Daktari?"

Nyamaza, nilimwambia daktari moyoni. Nyamaza, mzee, osha mikono, fanya lolote.

"Binadamu nao wanayo jeni hiyo," akasema. "Wapo wanawake wanaozaliwa namna hii. Wachache, wachache mno." Hapo akainua uso, akatuona tulivyosimama, ndipo akagundua. Akaanza kukimbiza maneno. "Lakini sikilizeni, mtu kukosa mtoto kuna sababu chungu nzima. Na mara nyingi sababu iko kwa mume. Hospitali wanapima wote wawili, na wanaanza na mume kwa sababu ndiye rahisi."

"Mimi si kondoo," mdogo wangu akasema.

"Na hapa kondoo ni nani?" nikauliza. "Hebu tuambie."

Wifi alikuwa ameshaingia ndani.

Kuanzia siku ile mama alibadilika, na mabadiliko yake yaliniuma kuliko matusi. Akawa mpole. Alimnyang'anya wifi ndoo ya pumba mkononi: "Pumzika, utachoka bure." Alimpakulia kwanza. Aliwaambia majirani walewale, kwa sauti ya chini, ya huruma, kwamba binti wa watu hana kosa, kaumbwa hivyo, wataalamu wamesema ipo. Ebo! Mtaalamu gani kamtazama? Kamtazama kondoo! Nilimwambia mama uani, nikapandisha sauti makusudi ili nisikike barabarani: wifi anaona siku zake, na mwenye uzi haoni siku. Nilimpigia simu daktari mbele yake, akathibitisha, anayeona siku zake hadithi yake si hiyo.

"Siku hizi tunatangaziana hadi mambo ya mwezini?" mama akasema, akajifunika kichwa. "Huna haya."

Na mdogo wangu, aliyemeza kila neno la daktari yule alipokuwa anazungumzia dume wake, alinitazama akasema, "Huyo ni daktari wa kondoo, dada. Ya watu atayajulia wapi?"

Nilimtolea uvivu. Nikamwambia twende hospitali, mimi na wewe na yeye, kesho, nitaomba ruhusa kazini. Twende akapimwe na wewe upimwe. Kama huna kitu cha kuogopa, twende. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, anachonga mti wa geti jipya. Kisu kikasimama. Nilimwona usoni na mara hiyo moja nilimwonea huruma, maana hofu ilikuwa imeandikwa pale wazi. Anajua dume anaweza kuwa mzima, kichwa juu, na shida ikawa yake. Ameambiwa na amesikia. Kisha kisu kikaanza tena kuchonga.

"Sina haja ya kupimwa," akasema. "Mimi simlaumu. Kwani mimi nimemlaumu?"

Geti lilikuwa la zizi jipya. Daktari alikuwa amempa ushauri wa mwisho, na ushauri ule aliupokea kwa mikono miwili: Bwana Harusi asichinjwe. Aletewe majike wa damu ya nje, wasio na jeni ile, na mabinti watakaozaliwa wote watazaa mapacha, mradi wasirudishwe kwake tena. Amri ya baba, iliyolindwa miaka yote ile, ilifutwa kwa maneno ya alasiri moja. Kwa ajili ya dume, damu ya nje iliruhusiwa. Mitamba waliosalia walipelekwa machinjioni, safari hii mchana kweupe, na mimi ndiye niliyewapigia muhuri.

Wifi aliitwa sebuleni. Mlango wangu ulikuwa wazi, nilisikia. Mdogo wangu aliongea kwa adabu, sijapata kumsikia na adabu namna ile. Kwamba hana kinyongo. Kwamba mashine ya kushonea ni yake aende nayo. Kwamba mtu hawezi kushindana na maumbile, na yeye ni mwanamume wa pekee kwa mama yake. Wifi alisema "ndiyo" mara moja, labda mara mbili, na mashine ikaanza kulia tena, anamalizia nguo za watu.

Alikuja chumbani kwangu jioni akakaa kitandani. Mimi nilikuwa nafoka peke yangu. Nikamwambia tusimngoje huyo mwoga, twende wawili, upimwe, upate karatasi ya daktari wa watu, uwabandike nayo ukutani.

"Na wakiukuta?" akasema.

"Wakikuta nini? Wewe unaona siku zako!"

"Huwa zinaruka, wifi. Sijawahi kumwambia mtu. Zinakuja zikitaka."

"Hata zangu ziliruka. Hiyo si kitu."

"Mama aliponiita nuksi nilikuwa na la kumjibu. Ilikuwa inaniuma lakini nilikuwa na la kujibu. Sasa hawanitukani. Wananionea huruma, na wanapoongea naona kama na mimi naukubali." Aliweka kiganja chini ya kitovu, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko wa nguo kutafuta ufunguo. "Hebu niambie. Ule uzi ukiwa ndani, unasikika? Wale walikuwa wanajua?"

Nimefanya kazi ya kufungua miili maisha yangu yote. Nilimkumbatia, na alikuwa mgumu mikononi mwangu, hakunikumbatia.

"Sitaki kupimwa," akasema kwenye bega langu. "Niache niondoke sijui."

Nilipomsimulia daktari baadaye aliosha mikono mara mbili, akasema alisema kweli tupu. Nikamwambia ndiyo, ulisema kweli, na kweli yako imetumika kama kisu cha kuazima. Bado tunasalimiana. Lakini simpelekei tena kitu cha kutazama.

Majike wapya walifika kwa gari dogo la mizigo, wamefungwa turubai, wanalia. Mdogo wangu alikuwa amekubaliana na dereva kabisa: akishusha kondoo, apakie mzigo wa wifi, maana njia ni hiyohiyo. Wifi alikuwa tayari, sanduku moja na mashine imefungwa kwa shuka. Kondoo walikataa kushuka. Mdogo wangu anavuta kamba, dereva anasukuma, wanyama wanakanyagana. Wifi aliwatazama, akaweka mkoba wake chini, akapanda garini. Alikuwa anajua kuwashika, mkono mmoja chini ya kidevu na mwingine nyuma, bila kuwavunja moyo. Aliwashusha wote, mmoja mmoja, akiwanong'oneza. Aliyekuwa anachechemea alimkagua ukwato akamtoa jiwe.

Kisha akaomba fagio. Akafagia samadi garini, akatandika gunia, tukampandishia mashine na sanduku. Mama alimshika mkono asije akateleza. "Taratibu, mwanangu," akamwambia. Hakuwahi kumwita mwanangu. Wifi alisema asante, mama, akakaa juu ya sanduku lake kwa sababu mbele palikuwa pamejaa, akajifunga kanga kichwani kuzuia vumbi. Mimi alinitazama tu. Nilikuwa nalia kwa sauti, sikujali majirani, nilikuwa namtukana kila mtu aliyekuwepo uani, mama yangu mzazi akiwemo.

Gari likawaka, likaanza kurudi nyuma barabarani. Kondoo wageni waliposikia mngurumo wakageuka wote kwa pamoja, wakaanza kumfuata aliyewashusha.

"Geti!" mdogo wangu akapiga kelele. "Dada, funga geti haraka, wasije wakatoka!"

Nikalifunga.